Kiti Kilichogeuka Mgongo

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, ya kulaza vumbi tu. Nimeamua kuandika kila nikipata nafasi, kwa sababu mume wangu amekwenda kazini mbali mpaka msimu huu uishe, na ndiye pekee niliyezoea kumsengenyea watu. Kwenye simu hafai. Nikifika katikati ya maneno namsikia anakoroma.

Ameniachia kazi moja: maji yakija, nimtoe mama yake bondeni. Alivyoisema, ungedhani ni kuanua nguo. Mama mkwe anakaa nyumba ya mwisho kabla ya mto, na mimi nina saluni na vyumba viwili huku juu ya mteremko, ambako maji hayajawahi kufika. Nafasi ipo, kitanda kipo. Asiyekuwepo ni mtu wa kumwambia mama huyo neno akalisikia. Bado ananiita bibi harusi, miaka kumi na moja baada ya harusi, kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi.

Alhamisi, 5 Machi

Wamekuja wabunifu. Ni wawili, kutoka ofisi moja inayotengeneza mabango na matangazo. Mmoja ni bwana wa shati la pasi ambaye hawezi kumaliza sentensi bila neno mkakati, nami nimekwisha kumbatiza Bwana Mkakati. Mwingine ni msichana mchoraji mwenye kompyuta mgongoni, hasemi sana. Wanasema wametumwa kuusaidia mtaa wetu uzungumze kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Niliwaambia kuzungumza ndicho kitu pekee ambacho mtaa huu haujawahi kupungukiwa. Bwana Mkakati aliliandika hilo.

Wanataka kufanyia mkutano saluni kwangu kwa sababu, eti, wanawake wakiwa saluni hufunguka. Nimekubali. Nataka kuona.

Jumamosi, 7 Machi

Watu walijaa mpaka mlangoni, na si kwa mapenzi ya tabianchi. Kulikuwa na soda. Bwana Mkakati aligawa vikaratasi vya rangi vyenye gundi, akauliza: ukisikia neno tabianchi, unaona rangi gani? Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema anaona rangi ya soda ya pili. Mimi nilisema kijivu ili tumalize. Vikaratasi vikabandikwa ukutani, na sasa ukuta wangu unaonekana una tetekuwanga.

Aliyenishangaza ni mama mkwe. Alikuja na gauni lake la kitambaa kizito, kajipaka poda, akakaa mbele. Alipoulizwa habari za mto alizungumza vizuri, lazima niseme. Alisema amekaa pale tangu marehemu baba mkwe alipoezeka nyumba, kwamba maji huja mpaka kizingitini, yanachungulia, yanarudi. Mto ule una adabu zake. Mchoraji akamwuliza kama hata miaka hii bado una adabu. Mama akajibu kwamba mwaka juzi ulikaa kizingitini zaidi ya kawaida, pengine ulichoka njiani. Watu wakacheka. Mchoraji hakucheka. Akasema mvua iliyokuwa ikinyesha wiki nzima siku hizi inamwagika mchana mmoja, na mto unaoujua wewe, mama, huenda si huu. Ilikuwa sentensi pekee ya maana siku nzima, na Bwana Mkakati hakuiandika.

Mwishoni wakampiga mama picha. Walimwambia wanatafuta sura ya mtaa. Wakamkalisha kwenye kiti changu kizuri, kile cha kuzunguka, mgongo wima, kidevu juu, wakamwomba anyooshe mikono mbele kama anayempokea mjukuu. Alitoka pale mrefu kuliko alivyoingia.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Mteja mmoja, wa kuosha tu. Mama mkwe amepita kuuliza picha yake inatoka lini.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Barabara imekuwa uji. Mama mkwe amepita tena kuuliza.

Alhamisi, 19 Machi

Mabango yametoka. Yamebandikwa kila mahali: saluni kwangu, kwa kinyozi, kwenye nguzo za umeme, kwenye ukuta wa choo cha soko. Karatasi nzito, rangi zinawaka, uzuri wa mkakasi. Juu imeandikwa TABIANCHI IMEBADILIKA, chini HAMA MAPEMA. Katikati kuna kijana wa kifua kipana, fulana nyeupe isiyo na hata tone la tope, anapanda mlima huku maji yanamfukuza. Mgongoni amembeba mama mkwe.

Gauni ni lile lile. Kidevu ni kile kile. Mikono iliyokuwa ikimpokea mjukuu sasa imeng'ang'ania shingo ya kijana asiyemjua. Wameondoa kiti changu, wakaweka mgongo. Na uso wake, ule uso wa kujivuna wa siku ile, ukiwa pale juu unaonekana uso wa mtu asiyejua anapelekwa wapi.

Kinyozi alilitazama bango kidogo tu, akasema, "Bibi Mzigo." Mpaka adhuhuri jina lilikuwa limefika sokoni na kurudi.

Mama alipanda mwenyewe kuja kulitazama. Alisimama mbele ya bango la mlangoni kwangu, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa kana kwamba anajiangalia kwenye kioo. Kisha akaniuliza kijana yule ni nani. Nikasema simjui, ni kijana wa kompyuta.

"Mimi sijawahi kubebwa," akasema. "Hata siku ya kumzaa mume wako nilikwenda kwa miguu yangu."

Akateremka bila kuaga. Nami nilipofunga mlango nilicheka mpaka kwikwi zikanishika. Miaka yote hii nimengoja mtu amshushe mama yule hata ngazi moja, na hatimaye kazi imefanywa na watu wenye shahada.

Jumatatu, 23 Machi

Mzaha umeota mizizi. Fundi wa kuchomelea vyuma, jirani wa mama kule bondeni, alipandisha magodoro yake jana asubuhi kuyaweka kwa kaka yake huku juu. Ni mtu mzima mwenye akili zake, mto ameuona ulivyo. Alipopita kwa kinyozi akaulizwa mbele ya watu ni kijana gani aliyembeba. Mke wake akaulizwa kama mgongo ulikuwa laini. Jioni magodoro yote yalirudi bondeni.

Leo wengine wawili waliokuwa wamefunga mizigo wamefungua. Hakuna anayetaka kuwa mzigo. Bango la kuwahimiza watu wahame limefanikiwa kuwabakisha wote, na ofisi nzima imefanya kazi hiyo kwa rangi nne.

Sicheki tena. Nimempigia mume wangu na safari hii hakukoroma.

Jumamosi, 28 Machi

Nimempigia Bwana Mkakati. Aliniambia bango lilijaribiwa kwanza, watu walionyeshwa mchoro na wote wakasema ni mzuri sana. Nikamwambia mtu mwenye soda ya bure mkononi husema kila kitu ni kizuri sana, mgeni njoo mwenyeji apone. Akanishukuru kwa maoni yangu, akaahidi kuyaingiza kwenye mkakati wa awamu ya pili. Nikamwuliza kama mto umearifiwa kuhusu awamu hizo. Simu ikakatika, au aliikata.

Jumatano, 1 Aprili

Mchoraji amekuja peke yake, kusuka. Nilijua si nywele zilizomleta, nikamvuta kuliko ilivyohitajika. Hakulalamika. Nilipofika nusu ya kichwa akaniuliza bango lina kasoro gani, maana amepita mitaani na watu wanamcheka usoni.

Nikamwambia. Nikamwambia mtaa huu watu hawana mali, wana majina tu, na yeye amechukua jina la mama mtu akalitia tope. Nikamwambia mchoraji gani huyo asiyejua kwamba mtu akishachekwa kwa kuondoka, haondoki. Nilisema mengi, mengine siyaandiki.

Akasema mchoro wake wa kwanza haukuwa huo. Alikuwa amemchora mama anatembea mbele, watu wanamfuata, yeye ndiye anayeonyesha njia. Bwana Mkakati aliukataa. Alisema bibi anayetembea mwenyewe hatii huruma, na waliotoa pesa za mradi wanataka kuguswa moyo.

Nilisimama na kitana mkononi. Kumbe bango lile halikuwa letu hata kidogo. Lilikuwa la kutazamwa na watu wa mbali, na sisi tulikuwa ukuta wa kulibandikia tu. Nikamwuliza kwa nini basi alichora alichoambiwa. Akasema ana mwaka mmoja tu kazini. Ni jibu dogo na la kinyonge, lakini angalau hakusema mkakati.

Alipotoka alianza kubandua mabango kwa kucha zake, kwenye mvua, nywele zikiwa mpya. Nilimpa beseni la maji ya moto na sifongo. Kinyozi amekataa lake libanduliwe.

Alhamisi, 2 Aprili

Mchoraji alikwenda bondeni kuomba radhi. Mama alimpa kigoda akae, akaendelea kupepeta mchele mpaka msichana akaaga.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua haijakata tangu Jumatatu. Nimekwenda mwenyewe bondeni.

Nilianza kwa nyama ya ulimi. Nikamwambia kitanda kimetandikwa, mwanawe ana wasiwasi, na mimi nina upweke. Hilo la upweke alilipokea kwa kukohoa. Nikamkumbusha aliyoyasema mchoraji kuhusu mvua, kwamba mto huu si ule. Akasema anajua. Nilishangaa, maana nilijiandaa kubishana. Anajua. Ameona maji yamepanda upande ambao hayakuwa yakipanda, ameona ardhi ya nyuma ya choo inazama ukiikanyaga. Tatizo si mto.

"Nikipanda mteremko ule sasa," akasema, "hata nikipanda mwenyewe, watamwona yule wa kwenye karatasi."

Nikamwambia watu husema leo, kesho wamesahau. Akaniuliza kama mimi nilicheka. Hapo hasira ikanipanda, kwa sababu alikuwa amenishika. Nikamwambia basi akae hapo afe kwa heshima zake.

"Asante," akasema, akanifungulia mlango.

Nimerudi nimelowa. Kichwa cha mama yule ni kigumu kuliko jiwe la kusagia, na ningependa kuandika kwamba simwelewi.

Jumanne, 14 Aprili

Mto umekula njia ya kando. Kinyozi bado ana mzaha, ila anausema akiwa huku juu.

Alhamisi, 16 Aprili

Naandika ya jana.

Ilianza kunyesha asubuhi, si kwa matone bali kwa ndoo. Baada ya chakula cha mchana mchoraji akaingia saluni amelowa. Amepigiwa simu na watu wa kule mto unakotokea: maji yaliyopita kwao yamevuka daraja, na yatafika kwetu kabla ya magharibi. Nilikuwa na mteja nusu kichwa. Nikamfunga kitambaa nikamwambia aende.

Tukateremka wawili. Kule bondeni watu walikuwa wamesimama milangoni, kila mmoja anamtazama mwenzake, kila mmoja anangoja mwingine awe wa kwanza. Fundi wa kuchomelea alikuwa amekaa juu ya magodoro yake yaliyofungwa, kamba ikiwa mkononi. Nilimwambia apande. Akasema anaangalia kwanza. Mtu mzima, ana watoto, maji yako kwenye vidole, anaangalia kwanza. Niliwadharau wote pale, mmoja mmoja na kwa pamoja, watu wazima waliofungwa miguu na utani wa kinyozi.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amevaa lile gauni zito. Maji yalikuwa kizingitini. Vijana wawili wa mtaa walikuwa wamekuja kumbeba na amewafukuza kwa mwiko. Mchoraji akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akaomba radhi upya, akasema kosa ni lake, akasema mabango ameyabandua.

"Mwanangu," mama akamwambia, tena kwa upole, "umenibandika kwenye kila ukuta nikiwa nimebebwa. Sasa umekuja nitoke hivyo hivyo?"

Tulipokuwa tunamtazama, maji yakavuka kizingiti. Hayakuchungulia. Yaliingia kama mwenye nyumba, yakazunguka miguu ya kitanda, na kandambili za mama zikaanza kuelea. Aliyaona. Nilimwona akiyaona. Uso wake ulibadilika mara moja tu, kisha akainua kidevu.

Nikajua mama huyu atakufa hapa. Atakufa akiwa timamu, akijua kila kitu, kwa sababu watu wamemcheka, na mmojawapo ni mimi. Na nikajua ningekuwa mimi pale kitandani ningefanya vile vile. Hilo ndilo nililokataa kuandika Alhamisi iliyopita. Namwelewa mno. Miaka yote hii nimekuwa nikimchukia mtu aliyekatwa kwenye kitambaa kimoja na mimi.

Nikageuka kutoka, sijui kwenda kuita nani, na mlangoni nikateleza. Kuteleza niliteleza kweli. Kuumia sikuumia. Nilikaa kwenye maji, baridi ikanipanda mpaka kifuani, na nilipotaka kuinuka nikaona fundi na wengine wote wananitazama kutoka milangoni mwao. Basi sikuinuka. Nikashika kifundo cha mguu, nikalia. Msusi wa huku juu, mwenye ulimi, mwenye kiti cha kuzunguka, nikalia kwenye maji machafu mbele ya mtaa mzima.

"Mama," nikasema, "mguu. Siwezi kupanda. Nisaidie."

Mchoraji akaja kunishika nikamsukuma. Nadhani ndipo alipoelewa, maana alirudi nyuma akachukua furushi la nguo za mama.

Mama akashuka kitandani. Akaja akichota maji kwa pindo la gauni, akanitazama kutoka juu. Akasema mwanawe angeoa mwanamke mwenye miguu, haya yasingetokea. Kisha akanigeuzia mgongo, akainama.

"Panda," akasema.

Mama yule amebeba maji, kuni na saruji maisha yake yote, na mabega yake hayajui kwamba yamezeeka. Alinibeba. Alitoka nami mlangoni akiwatukana waliosimama: wewe unaangalia nini, shika mlango huu; na wewe, chukua sufuria zangu; wewe fundi, hayo magodoro unayaatamia? Watu wakaanza kutembea. Walikuwa na sababu sasa, wanamsaidia mama kumwokoa mkwe wake, na kwa kuwa wanapanda, basi wapande na magodoro, na watoto, na mbuzi. Hakuna aliyekuwa anahama. Nilikuwa mimi tu ninayebebwa.

Katikati ya mteremko magoti yake yalianza kutetemeka. Nikamwambia sasa naweza kuchechemea. Akasema ninyamaze. Akanishusha kwenye ngazi ya saluni, mbele ya kinyozi, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema.

Nyumba ya mama imeanguka leo alfajiri, ukuta wa upande wa mto kwanza, kisha paa. Bondeni hakufa mtu.

Ijumaa, 17 Aprili

Mume wangu amelia kwenye simu. Mama akamwambia aache ujinga, kisha akampa taarifa kamili za uzito wangu.

Jumapili, 26 Aprili

Mama yuko chumba cha pili na ameiteka nyumba. Chumvi yangu ni nyingi, ufagio wangu ni mbovu, kitanda changu kimeelekezwa vibaya. Wateja wanakuja kusikia hadithi ya jinsi alivyoniokoa, na kila akiisimulia mto unazidi kuwa mpana. Kinyozi amepata sauti yake, ananiita Mzigo. Barabarani naulizwa mgongo ulikuwa laini. Nawajibu ulikuwa na mifupa.

Mchoraji amechora bango upya. Ni mama, kwa penseli, mkwe wake mgongoni akiwa ametoa mdomo kama mtoto aliyekatazwa, na nyuma yao mtaa mzima na sufuria na mbuzi. Chini neno moja: PANDA. Bwana Mkakati amelikataa, eti ni kichekesho na halina ujumbe. Msichana amelitoa fotokopi kwa fedha yake. Uso wangu ameufanya mbaya kuliko ulivyo, na nimemwambia.

Jumatatu, 4 Mei

Mto umepanda tena. Kabla ya saa sita waliorudi bondeni walikuwa wamepanda wote, wakicheka, wanaume wazima wakibebana kwa zamu na wake zao wakiwapigia makelele. Fundi alimbeba mama mkwe wake mwenyewe, akiwa anamlaumu njia nzima. Maji yalifika mpaka penye madirisha na hayakumkuta mtu.

Bwana Mkakati alikuwepo, anapiga picha za ripoti. Niliona ameandika kwamba awamu ya kwanza imezaa matunda.

Jumapili, 10 Mei

Jua. Mvua zimekwisha, mume wangu anarudi wiki hii.

Mchana nilikuwa namsuka mama, mara ya kwanza kuniruhusu nimguse kichwa. Nywele zake ni laini, sikutegemea. Tulikuwa wawili tu. Nikiwa kisogoni, akasema, bila kugeuka, kwamba siku ile alijua tangu mlangoni. Mtu aliyeumia kweli, akasema, haangalii kwanza nani anamtazama.

Mikono ilinisimama. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini aliinama akanibeba mteremko mzima.

Akainamisha kichwa ili niendelee kusuka.

"Wewe ulikuwa tayari kuchekwa," akasema. "Mimi nilikuwa bado."